Bukavu: telefone ya zamani na pesa ya likelemba

Mama mmoja muuza unga kwenye soko la Kadutu, mjini Bukavu, aliketi mbele ya meza ya fundi wa telefone. Mtoto wake alikuwa amemwambia kwamba video inaweza kuharibu telefone hata mwenyewe asipoifungua. Na kwenye telefone hiyo mlikuwa pesa ya likelemba ya wamama 12.

Fundi hakucheka. Kunako mwezi wa saba 2015, mtafiti Joshua Drake wa kampuni ya Zimperium alionyesha kasoro ndani ya Stagefright, maktaba ya Android inayosoma video. Ilikadiriwa kwamba telefone milioni 950 zilikuwa hatarini. Ujumbe mmoja wa video ulitosha, kwani telefone iliweza kuanza kuusoma yenyewe.

«Mama, mtu akisema anakuletea kopo mbili za unga, unatayarisha mfuko wa kopo mbili. Akimwaga kumi?»

«Unamwangikia kwenye maharagi ya jirani.»

Ndivyo ilivyokuwa. Video ya hila inataja ukubwa mkubwa mno, hesabu inapita kipimo na kurudi karibu na sifuri. Programu inatenga nafasi ndogo, kisha inamimina yote. Yaliyozidi yanafunika kumbukumbu ya jirani, na hapo amri za mwizi zinaweza kupita.

Google ilitoa dawa, na kunako mwezi wa nane 2015 ilianza kutoa marekebisho ya usalama kila mwezi. Lakini telefone nyingi huyapata kupitia mtengenezaji wake, naye huwa anaziacha zile za zamani. Ya mama ilikuwa ya Android 4.4, tena ya okazyo. Na kunako mwezi wa tisa 2023, kasoro ya namna hiyo ilionekana kwenye libwebp, maktaba ya picha iliyotumiwa na Chrome na programu nyingine nyingi.

«Basi ninunue mpya? Hiyo ni faida yangu ya miezi mitatu!»

Fundi alizima upokeaji wa MMS wa moja kwa moja. Kisha akatoa laini yenye pesa na kuiweka ndani ya telefone ndogo ya vifungo. Ile kubwa ilibaki kwa picha za wajukuu.

Kwenye kikao cha likelemba, mama aliwaeleza wenzake yote, pamoja na kopo kumi. Wanne walitoa telefone zao wakatafuta kwenye mipangilio tarehe ya marekebisho ya mwisho. Ya mweka hazina ilikuwa ya 2018.