Mkono Bado Hutetemeka

Ndugu yangu uliye macho usiku huu kwa jambo usiloweza kumweleza mtu, haya nakuandikia wewe. Nami nimepita huko.

Mimi ni mtoto wa Unguja. Nilikwenda Malaysia kusomea uhandisi wa mitambo, nikajiunga na wanafunzi wenzangu waliokuwa wakiunda gari la Shell Eco-marathon. Katika mashindano hayo mshindi si mwenye mbio, ni anayekwenda mbali zaidi kwa mafuta kidogo. Tulikuwa tukisimuliana habari za PAC-Car II, gari la haidrojeni la ETH Zurich, ambalo mwaka 2005 lilifikia kiwango sawa na kilomita 5,385 kwa lita moja ya petroli. Letu lilikuwa na magurudumu matatu na kijiinjini cha mashine ya kukatia majani.

Nilichaguliwa kuwa dereva kwa sababu ya wembamba wangu. Dereva hulala chali, miguu mbele, kifuniko kikafungwa juu yake. Huwasha injini, mwendo ukipanda huizima, gari likaendelea lenyewe. Mwendo ukishuka, huwasha tena.

Jioni moja tulikuwa kwenye majaribio. Niliwasha. Nikasikia mlio nyuma yangu. Kisha joto. Bomba la petroli lilikuwa limechomoka. Nikashika kitasa cha kifuniko. Hakikufunguka. Nikavuta tena. Moshi. Sikuona kitu. Nikatamka shahada. Nilijua nakufa, na mama hayupo.

Wenzangu walivunja kifuniko wakanitoa. Bega na mkono wa kulia vilikuwa vimeungua.

Hospitalini, mchana niliuvumilia. Usiku sikuuweza. Nikifumba macho, kitasa kiko mkononi na hakifunguki. Chakula kilinishinda. Hata kuomba dua niliona kuzito. Nilitamani kulala nisiamke. Naogopa kuliandika hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mama alikuwa akipiga simu kila usiku. Nikashindwa kusema. Akaniambia, "Mwanangu, usiseme kitu. Lia tu. Mimi nipo." Akaiweka simu kando yake, akasoma Yasin mpaka nikapitiwa na usingizi. Kaka zangu walichangishana pesa za matibabu bila kuniambia.

Nilipopona, wenzangu walikuwa wameweka kitasa kipya, kinachofunguka ndani na nje. Walitoa injini kabisa, wakanilaza garini karakanani. Rafiki yangu mmoja aliweka kiganja chake juu ya changu, tukafungua pamoja. Tukafunga. Tukafungua tena. Jasho lilinitoka, lakini kilifunguka.

Mwaka 2019 tulifika Sepang, kwenye mashindano yenyewe. Kabla ya gari kuruhusiwa njiani, wakaguzi hupima breki kwenye mteremko, na dereva lazima aweze kutoka mwenyewe kabla ya sekunde 10 kwisha. Nikalala. Kifuniko kikafungwa. Moyo ukanienda mbio. Bismillahi. Nikavuta kitasa, nikafungua mkanda, nikatoka ndani ya muda. Nililia mbele ya wakaguzi.

Hatukushinda. Lakini tulimaliza mizunguko yote na matokeo yetu yakahesabiwa. Alhamdulillahi.

Mpaka leo nikinusa petroli mkono hutetemeka. Hofu haikuondoka ndipo nikainuka; niliinuka nayo, nimeshikwa mkono. Kwa hiyo usijifungie na jambo lako. Mpigie mama yako, au yeyote aliye kama mama kwako, usiku huu huu. Ukishindwa kusema, lia tu. Atajua.