Boxer Yapanda Lushoto

Tangu ninunue pikipiki nimegeuka boda. Mlinzi wa getini kazini ananiita boda. Mama wa vitumbua pale Tegeta, aliyenizoea miaka nenda rudi nikigombania daladala, naye siku hizi ananiuliza, "Boda, leo nikufungie vingapi?" Asubuhi moja kwenye mataa ya Mwenge, mama mwenye mtoto mgongoni alipanda nyuma yangu, akajiweka sawa, akasema, "Makumbusho, nina buku." Nikampeleka. Kumweleza kwamba mimi ni mtumishi ninayewahi ofisini kungechukua muda kuliko safari yenyewe. Buku lake nilipolikataa, akanitazama kwa wasiwasi, akaondoka haraka. Namba yangu ni ya njano, ya mtu binafsi; za biashara ni nyeupe. Lakini abiria aliyechelewa hasomi namba.

Ni Boxer ya cc 100, nyeusi, gia nne, breki za ngoma mbele na nyuma. Haina mbwembwe. Spea zake zipo hata kwenye duka la kijijini linalouza pia chumvi na vocha, fundi yeyote anaijua, na ukiwa na mkono mwepesi lita moja ya petroli inakufikisha kilomita 50 hivi. Kilichonisukuma kuinunua ni foleni ya Barabara ya Bagamoyo, hasa ulipoanza ujenzi wa njia ya mwendokasi. Kwa daladala nilikuwa nafika kazini nimeshachoka. Kwa pikipiki nafika na vumbi, lakini nafika.

Kwenda nayo Lushoto, zaidi ya kilomita 300, lilikuwa wazo la mjomba. Mjomba ni bwana shamba mstaafu. Nilimpigia kumwambia kwamba Desemba nitapanda basi nije kumsalimia, akauliza kama ile pikipiki nimeshaiuza. Nikasema ninayo. "Sasa basi la nini?" Mke wangu alipopata habari alitamka neno moja tu: "Malori." Halafu akaenda kunitafutia koti zito.

Fundi wangu wa Boko aliikagua jioni. Akamwaga oili chafu, akaweka mpya, akakaza cheni, kisha akachukua spana na kuanza kugonga spoku moja moja huku anazungusha tairi taratibu, sikio karibu na rimu. Iliyokaza inalia. Iliyolegea haisemi kitu. Alizipata kadhaa za nyuma, akazikaza robo mzunguko, akagonga tena, mpaka tairi zima likawa na sauti moja. Akanifungia tyubu ya akiba, plagi, na waya wa klachi. "Waya huu ukikukatikia Segera utanishukuru," alisema. "Ukikukatikia mlimani utanililia."

Niliondoka kabla ya watu wa magari, yaani saa kumi na moja alfajiri, na katikati ya Desemba kwa makusudi, kabla Wachaga hawajaanza kwenda kuhesabiwa. Mtu mwenye akili zake haingii barabara ya kaskazini na cc 100 wiki ya Krismasi. Bunju, Mapinga, Kerege, Zinga, zote nilizipita kwa taa. Bagamoyo nilipata chai ya rangi na chapati, jua likawa linatoka.

Badala ya kuzunguka Chalinze nilishika Makofia kwenda Msata. Ni kama kilomita 64 za lami, na kwa pikipiki ndogo hakuna njia nzuri kama hiyo upande huu wa nchi: magari machache, bonde la Ruvu limelala chini kulia na kushoto, ubaridi wa asubuhi unapenya mikono ya koti. Kiwangwa, mananasi yalikuwa yamepangwa barabarani kwa mafungu. Nilisimama bila kuzima injini, kijana akanimenyea moja hapo hapo, nikalila nimekaa juu ya siti. Mwenye gari hununua mananasi kumi ya kupeleka nyumbani. Mimi nilikuwa na nafasi ya lile la tumboni tu.

Msata raha ikaisha. Hapo unaungana na barabara kuu, na barabara kuu ni mali ya wakubwa. Boxer yangu na mzigo wake inakwenda 65 bila kulalamika. Nikiisukuma ifike 75 inaanza kutetema hadi kwenye meno. Basi linakwenda 80, na pasipo na tochi linakwenda linavyojua. Maana yake kila kitu kinakupita. Basi linalokuja mbele likifika ubavuni, upepo wake unakusukuma kwanza pembeni, kisha nyuma ya basi unakuvuta kurudi katikati. Usishindane nao kwa mikono. Unabana tangi kwa magoti, unalegeza viwiko, unaacha pikipiki icheze kidogo chini yako, inarudi yenyewe.

Linalotoka nyuma ndilo la kuogopa. Nikaanza kuishi kwenye saitimira: jicho moja mbele, moja kwenye kioo. Nikiona basi nyuma na lori mbele, na hesabu inaonyesha kwamba watakutania pale nilipo mimi, nashuka kwenye bega la barabara kabla sijapigiwa honi. Bega nalo lina mambo yake, mchanga na ukingo wa lami ulioliwa, kwa hiyo unashuka mapema, kwa pembe ndogo, mkono ukiwa mbali na breki ya mbele. Ukisubiri honi umechelewa. Madereva wa malori wengi ni waungwana, niseme ukweli. Wanaona mbali, wanawasha indiketa kukuambia pita au tulia. Wenye magari madogo ya kukodi ndio walionifanya nitaje majina ya babu zangu.

Wami niliipita kirahisi. Zamani pale ilikuwa shughuli: mteremko mkali, daraja jembamba la gari moja kwa wakati, kisha mlima upande wa pili na lori linalorudi kinyumenyume. Siku hizi kuna daraja jipya la zaidi ya mita 500, unapita juu kwa juu na mto uko chini huko.

Karibu na Mkata trafiki akanisimamisha.

"Boda, abiria umemwacha wapi?"

"Shikamoo afande. Sina abiria, natoka Dar naenda Lushoto."

"Marahaba. Kwa hii?"

"Kwa hii."

Akazunguka nyuma akaangalia namba, akaangalia leseni, akaangalia begi lililofungwa kwa mipira ya tyubu. Akamwita mwenzake aje kuniona. Wakajadiliana juu yangu kama sipo, mmoja akisema injini itachemka kabla ya Korogwe, mwingine akisema shemeji yake alikwenda na ya namna hii mpaka Moshi. Nikaachiwa niende na agizo la kuipumzisha Segera.

Ilipumzika kabla ya hapo. Kabuku mkia ulianza kuyumba. Nikatazama chini, tairi la nyuma limekaa. Msumari. Bahati yangu kijiwe cha boda kilikuwa mita chache mbele, na palipo na kijiwe fundi pancha hakosekani. Alikuwa kijana mdogo, miguu pekupeku. Akatoa tairi, akachomoa tyubu, akaijaza upepo na kuizungusha kwenye beseni la maji machafu mpaka viputo vikatoka. Akapasugua kwa msasa, akapaka gundi, akapulizia kwa mdomo ikauke, akabandika kiraka na kukigonga kwa nyundo kwa subira ambayo sikuitegemea kwa umri wake. Kisha akapitisha vidole ndani ya tairi lote, taratibu, kutafuta msumari wa pili. Mafundi wengi wa mjini hawafanyi hivyo, ndiyo maana pancha za mjini huja mbili mbili.

Wakati huo vijana wa kijiwe walikuwa wameshaizunguka Boxer.

"Ya nani hii, bro?"

"Yangu."

"Ulimaliza mkataba lini?"

Nikasema sikuwa na mkataba, niliinunua dukani. Wakanyamaza kidogo. Kwao pikipiki haipatikani hivyo. Tajiri anakupa chombo, wewe unapeleka hesabu kila siku, mvua inyeshe isinyeshe, uwe mzima au una homa, mwaka na zaidi, na mafuta na matengenezo juu yako, ndipo kadi inaandikwa jina lako. Wakati huo injini imeshachoka. Mmoja wao alikuwa amebakiza miezi michache, na aliisema ile miezi kwa sauti ya mwenye mchumba. Mwingine alinyang'anywa chombo akiwa karibu kumaliza, baada ya ajali ambayo haikuwa yake, akaanza upya na tajiri mwingine. Mimi nilitoa akiba ya mshahara, nikasaini, nikaondoka nayo siku hiyo hiyo, na kazi kubwa niliyoipa ni kunikwepesha foleni. Mashine ni ile ile, hata rangi ni ile ile. Niliwaagizia soda. Yule wa miezi michache akaniomba aiendeshe hadi kwenye mti na kurudi, asikilize injini ya pikipiki ambayo haijawahi kubeba mishikaki. Aliporudi akasema, "Bado bikira hii," wenzake wakacheka, naye akaegesha kwa adabu sana.

Kutoka Segera ilikuwa joto tu. Mkonge kwa safu, reli ya Tanga ikija na kupotea, milima ya Usambara ikaanza kusimama upande wa kulia. Mbele ya Korogwe injini ikakohoa, nikapeleka mkono kwenye koki na kuigeuza rizevu bila kusimama, jambo ambalo wenye magari ya kisasa hawataonja utamu wake kamwe. Mombo, mji ambao reli ya Wajerumani iliufikia mwaka 1905, nilijaza tangi na kunywa maji chupa nzima kwa mkupuo. Boda wa pale alinitazama, akatazama mlima.

"Mara ya kwanza?"

"Kwa pikipiki, ndiyo."

"Kupanda utapanda. Siku ya kushuka, shuka na gia, kaka. Breki ni ya kusimamia, siyo ya kushukia."

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33, na ndani ya hizo unapanda kutoka kama mita 400 juu ya usawa wa bahari hadi karibu 1,400. Barabara imechongwa ubavuni mwa mlima, jabali mkono mmoja, korongo mkono wa pili. Unapiga honi kila kona. Gia ya tatu ikachoka mapema, nikaenda na ya pili, na kwenye kona kali ya kwanza. Hapa ndipo udogo ulipogeuka faida. Fuso za mboga zinazoteremka kwenda Dar zinajaza barabara nzima kwenye kona. Mimi nilihitaji upana wa mabega yangu tu. Joto likaanza kuachia, kila kona nyuzi kidogo. Kufika kwenye maporomoko ya Soni nilisimama nikafunga koti la mke wangu mpaka shingoni. Boda wa Kisambaa akanipita na abiria wawili na gunia la karoti, anapiga stori kichwa kikiwa kimegeukia nyuma.

Lushoto, ambayo Wajerumani waliiita Wilhelmstal na kuipenda kwa baridi yake, niliingia jioni. Mjomba alikuwa barazani. Sikupata hata nafasi ya kuamkia vizuri. Alishika kwanza cheni, akaisukuma juu chini kwa kidole. "Imelegea." Kisha akapokea shikamoo.

Usiku alinisimulia Honda 110 ya serikali aliyopewa miaka ya themanini, mashine ya ukoo wa Super Cub, zile Honda zilizoanza mwaka 1958 na ambazo kufikia 2017 zilikuwa zimeshatengenezwa milioni 100. Haikuwa na mkono wa klachi. Kulikuwa na kiwiko kidogo chini ya injini, ukikigeuza gia zote zinakuwa za mlima, na kwa hicho alipeleka mbegu za viazi vijiji ambavyo gari la mkuu wa wilaya halikuwahi kuvifikia. Hii yangu aliiona ya kifahari mno.

Siku ya kuondoka alikuwa ameandaa mzigo: debe la plamsi, kabichi nne, na nusu gunia la viazi. Nikamwambia mjomba, gurudumu la mbele litanyanyuka.

"Ya kwangu haikunyanyuka."

"Ya kwako ilikuwa na gia za mlima."

"Unateremka, unataka gia za mlima za nini?"

Tulibishana mpaka shangazi akatoka jikoni na kuamua: plamsi ziende, kabichi mbili ziende, viazi vifuate kwa Fuso. Mjomba akafunga mwenyewe, kwa mipira yake, fundo ambalo sijawahi kuliona. Akaisukuma pikipiki mpaka barabarani, akatia gia ya pili, akanikabidhi usukani. "Hiyo usiitoe mpaka Soni," akasema, akarudi ndani kutafuta namba ya dereva wa Fuso.