Mtalala kwa nani? Siku mbili za Lubumbashi



Tulipotangaza katika mkutano wetu kwamba tunataka kwenda Lubumbashi kwa siku mbili, hakuna aliyetuuliza "mtalala wapi?" Wote, wamama kwa wababa, waliuliza "mtalala kwa nani?" Maswali hayo mawili yanakaribiana kwa sauti, lakini yako mbali kwa maana. Kwetu Likasi mwanamke anashuka Lubumbashi kwa kilio, kwa ugonjwa, kwa ndoa ya mtoto wa ndugu, ao kwa kununua vitu vya kuuza. Katika safari hizo zote kuna mtu anayemngojea kwenye lupango. Kwenda tu kutembea, kuona mji, kulala na kuamka bila kupangusa nyumba ya mtu, kwetu safari ya namna hiyo haina hata jina.

Tulikuwa wanawake tisa, na mtoto mmoja wa miezi mitano mgongoni. Feza zilitoka katika kisanduku chetu cha pembeni, si kile cha likelemba. Tangu mwezi wa kumi hadi mwezi wa sita kila mmoja aliweka falanga 3.000 kwa wiki. Wiki 36, falanga 108.000 kwa kichwa. Kwa wengine hizo ni feza kidogo. Kwa sisi tunaouza mkaa kwa kopo na tunaofundisha masomo ya msingi, ni feza zilizohesabiwa moja moja, na hatukutaka ziliwe na kitanda kibaya.

Tuanze na jamaa, kwa sababu ndipo kila mtu anapoanzia. Karibu kila mmoja wetu ana ndugu Katuba, Kenya, Ruashi ao Kampemba. Kulala kwa ndugu kunaitwa bure. Lakini tulipokaa na kalamu tukaona kwamba bure hiyo ina bei. Mtu wa Likasi hafiki mikono mitupu. Anabeba mfuko wa makala, unga, pengine mahindi mabichi yakiwa ya wakati wake. Asubuhi anatuma mtoto kununua mkate na sukari. Siku ya kuaga anawapa watoto wote wa nyumba kitu mkononi, na watoto wa Lubumbashi ni wengi. Ukijumlisha, umelipa kitanda na chenji haikurudi. Tena kitanda chenyewe kimetolewa chini ya watoto, ambao wamelazwa kwenye mkeka ndani ya sebule, na usiku mzima unasikia wanakohoa na roho yako haitulii. Na kuna jambo lingine ambalo kila mwanamke analijua: ukifika kwa ndugu, wewe si mgeni. Wewe ni shangazi, ni mukubwa, ni mke wa kaka. Kabla ya kuoga utakuwa umekwisha kuitwa kusuluhisha ugomvi wa watu wawili.

Hatusemi hivyo ili kuwadharau jamaa. Kupita Lubumbashi bila kuwasalimia ni matusi, na yatasemwa mpaka kwenye kilio kijacho. Tulichofanya ni hiki: kila mwenye jamaa alipiga simu wiki mbili mbele. Mama yetu mkubwa, ambaye ana miaka 61, alimwambia wifi yake, "Nakuja na kundi, na kundi linalala pamoja kwa masista. Lakini siku ya posho saa nane nakuja kula bukari kwako, upike sombe, nami nitaleta kapenta." Wifi alinuna kidogo, kisha akauliza kama masista wana maji ya moto. Ikaisha. Neno likisemwa mapema kwa simu, na likaja pamoja na saa ya kula, halichomi.

Kwa hoteli kazi ilikuwa ngumu zaidi, na hapa tunasema wazi kwa sababu gazeti hili ni letu. Neno hoteli linachafua jina la mwanamke. Baba mmoja, mtu mwema kabisa, alisema mbele ya kila mtu kwamba bibi yake haendi kulala hotelini kama mwanamke wa njia. Hakusema hivyo kwa ubaya. Alisema alichokiona, kwa sababu nyumba nyingi zinazoitwa "guest house" katika makartie zinaishi kwa wateja wa saa mbili. Hatukuweza kumjibu kwa maneno. Ilitupasa kwenda kuona.

Mwezi wa nne wawili wetu walikuwa na kazi ya shule Lubumbashi, wakatumia saa za jioni kupita nyumba nne. Tunasema jioni, na tungependa neno hilo mlishike. Nyumba ya wageni saa nne ya asubuhi ni safi na kimya kama sakristia. Rudi saa mbili usiku, utasikia kama chini kuna baa, utaona nani anaingia na nani anatoka, na kama mlinzi wa mlango yuko macho ao amelewa. Picha zinazotumwa kwa simu zinaonyesha kitanda na pazia. Hazionyeshi ngazi, choo, wala ule mlango ambao kufuli yake imevunjwa ikarudishwa kwa msumari.

Nyumba ya kwanza, mtu wa mapokezi aliuliza kabla ya jambo, "Ni kwa masaa mangapi?" Tukatoka. Ya pili ilikuwa nzuri, yenye grupu ya umeme na maji ya bomba, lakini chumba kimoja kwa usiku mmoja kilipita falanga zetu zote za kitanda. Ya tatu ilikuwa safi, bei ya kati, na hapo ndipo tulipopata jambo la kusimulia. Kijana wa mapokezi alituambia kwamba mwanamke aliyeolewa, akija bila bwana yake, anapaswa kuleta barua ya bwana. "Ni sheria," akasema.

Dada mmoja kati ya hao wawili alimwuliza, sheria ipi? Kijana hakujua. Sisi tulijua kidogo, na tunaandika hapa kwa faida ya wote. Sheria ya familia ya mwaka 1987 ilimdai kweli mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya bwana yake kwa mikataba mingi. Lakini sheria ya tarehe 15 mwezi wa saba 2016 iliibadilisha ile ya 1987, na ruhusa hiyo ikaondolewa. Inabaki kwamba bibi na bwana wapatane juu ya mambo makubwa ya nyumba, wote wawili, si mmoja kumwomba mwingine karatasi. Kulipa kitanda cha siku mbili kwa feza za kisanduku chako hakuhitaji sahihi ya mtu. Kadi yako ya uchaguzi inatosha kuonyesha wewe ni nani. Tulimwambia hivyo kwa upole. Alicheka, akasema yeye anafuata neno la patron. Hatukulala huko.

Kabla ya kufika kwenye nyumba ya nne, tuseme kidogo juu ya mji, kwa sababu fasi ya kulala ni pia fasi ya kutembea. Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, na jina la leo lilikuja mwaka 1966. Ina makomini saba. Wazungu walijenga kati ya mji kwa ajili yao, na wafanyakazi weusi wakawekwa ng'ambo, Kamalondo ikiwa cité ya zamani kuliko zote, tangu miaka ya 1920. Katikati waliacha uwanja mtupu, wakasema ni kwa ajili ya mbu wasivuke. Mbu walivuka, sisi ndio tuliokatazwa usiku. Uwanja huo umekwisha kujengwa, lakini mtu anayechagua kitanda bado anaukuta mpaka huo katika bei. Kati ya mji, na upande wa Golf karibu na ziwa kunakosimama Karavia, ndiko kuna hoteli za feza nyingi. Katika cités kuna vitanda rahisi, chakula kizuri zaidi, na makelele. Kamalondo kuna uwanja wa TP Mazembe: ulizeni kama kuna mechi kabla ya kulipa kitanda karibu yake. Wakishinda hamtalala, na wakishindwa vilevile.

Nyumba ya nne ilikuwa ya masista, upande wa kati ya mji, mwendo wa miguu hadi kathedrali ya Watakatifu Petro na Paulo. Vyumba vya watu wawili na kimoja cha watatu. Falanga 20.000 kitanda kwa usiku, mkate na chai ndani ya bei. Mlango unafungwa saa tatu kamili usiku, na sista wa mlango hajali wewe ni nani. Hakuna bia, hakuna redio baada ya saa tatu. Wanawake wawili wa kwetu ni Wametodiste na mmoja ni wa Kimbangu, na sista aliulizwa mapema. Akajibu kwamba kitanda hakina dini, ila sala ya asubuhi iko kwa anayetaka. Baba yule aliyekataa hoteli alipewa namba ya simu ya nyumba. Alipiga mwenyewe. Tulivyosikia, alizungumza na sista kwa dakika moja tu, na tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa akiuliza tunaondoka lini.

Tuliondoka Likasi siku ya tano mchana. Ni kilomita kama 120, lakini malori ya shaba na kobalti ndiyo yanayoamua saa yako ya kufika. Kwa hiyo msipange kufika usiku. Bisi ilidai 15.000 kwenda na 15.000 kurudi. Fanyeni hesabu: 30.000 ya njia, 40.000 ya kitanda, zinabaki 38.000 kwa kula, kwa taksi na kwa roho. Zilitosha. Wenye dola wabebe noti safi, kwani iliyopasuka hata kidogo inakataliwa, na ile ya dola moja wauzaji wengi hawaitaki kabisa.

Siku ya posho asubuhi tulienda makumbusho. Huko kuna misalaba midogo ya shaba iliyotoka katika makaburi ya kale ya upande wa Upemba, ambayo watu wa Katanga waliitumia kama feza na hata kutoa mahari. Tunaishi juu ya shaba, wababa zetu na bwana zetu wamekula vumbi lake, na wengi wetu ilikuwa mara ya kwanza kuiona ikiwa kitu kilichofanywa na mikono ya babu zetu kwa matumizi yao. Tulisimama pale muda mrefu kuliko tulivyopanga. Mama mmoja aliuliza ilihitajiwa misalaba mingapi kwa msichana mmoja, na mabishano yakaanza. Kutoka hapo tulipita sokoni kuangalia vikwembe (kuangalia, tulisema, watatu walinunua), kisha kila mtu akaenda kwa jamaa wake. Tuliwapa wote saa: kumi na moja na nusu kurudi. Manseba wanaendesha moto vibaya zaidi jua likizama, na mwenye mtoto alikatazwa kabisa kupanda moto. Alilipiwa taksi na kundi.

Usiku ule ni baridi ya mwezi wa sita, mnaijua. Masista walitupa blanketi ya pili, na maji ya moto yalikuja kwa ndoo, si kwa bomba. Tulikaa barazani na chikanda tuliyonunua sokoni, tukizungumza kwa sauti ya chini juu ya saa tatu. Hapo mwenzetu mmoja, mama wa watoto sita, alisema kwamba katika miaka 19 ya ndoa hajawahi kulala nje ya nyumba yake ila kwenye materniti na kwenye vilio. Hakusema kwa uchungu, alikuwa anahesabu tu kwa vidole. Kisha akaenda kulala mbele ya wote, na asubuhi ilipogongwa kengele ya sala hakuamka. Sista alitaka kumwita kwa chai, tukamzuia. Aliamka saa tatu, akakuta mkate wake umefunikwa na sahani, akauliza nani amewapa watoto chakula. Tulicheka mpaka mtoto akalia.

Siku ya Mungu, baada ya misa na ibada, kila mtu kwake, tulikutana kwenye bisi saa sita. Saa tisa tulikuwa Likasi.

Kisanduku cha 3.000 kimefunguliwa tena, siku ya nne baada ya mkutano. Wengine wanataka Kolwezi, ambako hatujaona bado hata nyumba moja jioni, na njia ni ndefu zaidi. Mwenye kazi huko mwezi huu ajulishe katibu, tumpe orodha ya mambo ya kuangalia. Na anayetaka namba ya simu ya masista wa Lubumbashi amwombe mtunza feza, yuko nayo ndani ya daftari.