Umeme wa Nyumba ya Magurudumu: Safari ya Tunduma

Mjomba wangu alistaafu udereva wa malori ya Zambia, lakini kiu ya barabara haikumwisha. Coaster yake ya miaka ya 1980, iliyobeba abiria mpaka ikachoka, aliing'oa viti akaigeuza nyumba: vitanda viwili, kabati la mbao, sinki, jiko la gesi la plati mbili na friji dogo. Friji hilo ndilo lililotupeleka Tunduma. Mkaza mjomba ana kisukari, na insulini ya akiba hutakiwa kukaa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8. Walikuwa wamepanga kuvuka mpaka wa Zambia, kutoka Tunduma kuingia Nakonde, hadi Kasama kwa ndugu, tena mvua zikiwa zimeanza. Paneli ya sola ilikuwepo juu ya paa, lakini masika ya Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Novemba hadi Aprili, mawingu yanaweza kutanda kutwa nzima na betri ikalala njaa. Ilibidi tupate jenereta.

Tuliondoka Mbalizi alfajiri, mjomba kwenye usukani, mimi na daftari magotini. Ukivuka mto Songwe unaingia mkoa wenye jina hilohilo, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Barabara ni ileile ya TANZAM. Rhodesia ya Kusini ilipojitangazia uhuru wa walowezi mwaka 1965, Zambia ilibanwa upande wa kusini, na mzigo wake ukageukia bandari ya Dar es Salaam. Bomba la mafuta la TAZAMA lilifuata mwaka 1968, kisha reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya 1970 na 1975. Mjomba alikulia katika shughuli hizo, na kila kona alikuwa na habari yake.

"Nataka ya dizeli, kiloVA tano," alisema tulipoanza kupanda mlima Senjele. "Gari linakunywa dizeli, na jenereta inywe dizeli. Tangi moja, basi."

Hoja hiyo ina uzito. Kubeba aina moja ya mafuta ni nafuu kubwa safarini, na dizeli haishiki moto upesi kama petroli. Hata hivyo nilimwomba tuhesabu mzigo kwanza. Nikaandika: taa tano za LED, vati 35 zote kwa pamoja, friji, vati 80, pampu ya maji, vati 60, simu na redio, vati 25, chaja ya betri, vati 300. Jumla vati 500. Mota ya friji inapowaka huvuta umeme mwingi kwa nukta chache, hata mara tano ya kawaida yake, kwa hiyo tukaongeza vati 320. Tukafika vati 820. Halafu mjomba akataja birika la vati 1,500 na pasi ya vati 1,000, na hesabu ikavuka 3,300.

Coaster nayo ilikuwa ikipanda kwa gia ya pili, ikihema. Injini isiyo na turbo hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za mwinuko, kwa sababu hewa ni nyepesi. Uwanda wa Mbozi uko kwenye mita 1,500 hivi. Maana yake jenereta yoyote tutakayonunua tuitoe kama asilimia 15 ya kile kilichoandikwa.

Aliyemaliza ubishi ni mkaza mjomba, aliyekuwa amenyamaza tangu Mbalizi. "Baba, birika la umeme la nini na gesi ipo? Pasi ya mkaa ninayo. Mimi nataka friji lisizimike."

Nikafuta mistari miwili. Tulipopita Mlowo, kati ya magunia ya mahindi na maharage yaliyopangwa kando ya lami, tulikuwa tunatafuta mashine ya aina nyingine kabisa.

Foleni ya malori ilitupokea kabla ya mji wa Tunduma. Tangu kituo cha pamoja cha forodha kizinduliwe mwaka 2019, ukaguzi wa pande mbili hufanyika mahali pamoja, lakini mzigo wa Zambia na Kongo ni mwingi, na madereva bado hulala ndani ya magari yao. Tukaegesha, tukaingia madukani.

"Shikamoo mzee wangu, karibu," kijana wa duka alimwambia mjomba, akatuonyesha dizeli ya kiloVA tano. Kibao chake kilisema kilovati nne. Ilikuwa na zaidi ya kilo 100, na zote zingekaa nyuma ya ekseli ya nyuma, kwenye springi za zamani. Tena kwa vati zetu 500 ingefanya kazi kwa sehemu moja ya nane tu ya uwezo wake. Injini ya dizeli ikiachwa muda mrefu na mzigo mdogo kiasi hicho haipati joto la kutosha. Mafuta hayaungui yote, na masizi huziba ekzosi. Kwa matumizi yetu, mashine kubwa ingekufa mapema.

Kando yake palikuwa na jenereta ya petroli ya inveta, ya kiloVA mbili, kilo 20 na kitu, ya kubebwa kwa mkono mmoja. Kilovati 1.6 kwenye kibao. Ukitoa ule mwinuko, vati 1,350 hivi. Mzigo wetu wa juu kabisa ni 820. Injini yake hupunguza mwendo mzigo ukipungua, ndiyo maana tangi la lita nne kasoro hukaa hata saa nane. Tuliomba iwashwe, tukaichomekea pasi ya dukani yenye vati 1,000, tukaweka mita. Volti hazikushuka chini ya 220. Mjomba akalipa, akadai risiti ya EFD iliyoandikwa namba ya mashine, maana mpakani utaulizwa mali hiyo umeipata wapi.

Gereji ilituchukua kutwa. Jenereta ya namna hii imeundwa kufanya kazi mahali pa wazi; ukiifungia ndani ya buti inajipika kwa joto lake na kuvuta moshi wake yenyewe. Fundi akachomelea trei ya chuma cha pembe juu ya reli mbili, na mipira minene chini ya miguu ya mashine. Safarini trei inafungwa ndani kwa pini. Wakati wa kuwasha inavutwa mpaka mashine yote iko nje, ekzosi ikitazama nyuma.

Kisha ikaja kazi niliyoithamini kuliko zote. Fundi alimwingiza kijana wake ndani ya buti na tochi, akafunga mlango. Sisi tukakaa ndani ya gari, mapazia yameshushwa, na kila mwanga ulipopenya tukatia alama ya chaki. Kulikuwa na tundu la waya za taa za nyuma, nyufa chini ya sakafu, na sehemu iliyolika kutu karibu na kitanda cha mkaza mjomba. Panapopita mwanga panapita moshi. Kutu ilikatwa na bati jipya likachomelewa, nyufa zikajazwa silikoni, waya zikavishwa mipira.

Fundi umeme alivuta waya wa milimita za mraba 2.5, akaweka sakiti breka ya ampea 10 na kifaa cha kukata umeme ukivuja. Jenereta nyingi ndogo hutoka kiwandani nyutro ikiwa haijaungwa na bodi, na hapo kifaa hicho kinaweza kushindwa kuhisi hitilafu. Alipima kwanza, ndipo akaunga. Mwisho akafunga swichi ya kugeuza, ili umeme wa TANESCO na wa jenereta visikutane kamwe.

Usiku ule tuliegesha karibu na malori. Mvua ilinyesha, friji likanguruma taratibu, na juu ya vitanda kilikaa king'amuzi cha kaboni monoksaidi tulichoagiza Dar es Salaam. Mashine tuliizima kabla ya kulala, kwa kuwa friji lililofungwa vizuri hushika ubaridi na betri ilikuwa imejaa. Dereva mmoja alikuja kutazama trei, akasema wenzake wengine huingiza jiko la mkaa ndani ya kebini baridi ikizidi. Mjomba alimshika mkono akamweleza kwa ukali wa mzazi kwamba mkaa nao hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na mtu aliyelala haamki kuikimbia.

Nami nawaambia hivyohivyo wote wanaolala barabarani. Punguza mzigo kabla ya kuchagua mashine, na fedha utakayookoa izibe matundu na inunue king'amuzi. Mkaa usiingie kebini, na jenereta isiwake ndani hata kama mvua inanyesha.