Kibali cha Kuzikana

Hapa kwetu ukilitaja jina Frimasoni, mazungumzo hukimbilia utajiri wa ghafla na matangazo yaliyobandikwa kwenye nguzo za umeme. Mimi huwakumbuka watu weusi kumi na watano wa Boston, wakiongozwa na mmoja wao, Prince Hall, fundi wa ngozi.

Loji (matawi ya Frimasoni) za wazungu wa mji ule hazikuwataka. Kwa masimulizi ya chama chenyewe, waliapishwa tarehe 6 Machi 1775 na loji ya wanajeshi wa Uingereza waliokuwa kambini Boston. Wanajeshi wale wakawaachia kibali chenye masharti: wakutane, waandamane sikukuu ya Mtakatifu Yohana, na wazike wafu wao kwa heshima. Kuingiza wanachama wapya, hapana.

Yaani walipewa kufa na kuzikana, basi. Nimekaa kwenye vikundi vya mtaani vya kutosha kujua mambo huendaje hapo. Cheti cha usajili kikichelewa, michango hulegea, mweka hazina hapokei tena simu, na kikundi hubaki jina. Wale wa Boston waliendelea kukutana. Januari 1777 Hall na wenzake walipeleka ombi kwenye bunge la Massachusetts, wakitaka utumwa ukomeshwe. Mwaka huohuo Hall aliliuzia jeshi, lile lililokuwa likipigania uhuru, ngozi za kuwambia ngoma. Ngozi zilipokewa. Ombi halikuzaa sheria.

Mwaka 1784 Hall aliiandikia loji kuu ya London kuomba hati kamili ya loji. Ikatolewa tarehe 29 Septemba mwaka huo, lakini iliwafikia mikononi 29 Aprili 1787. Miezi michache baadaye walikuwa tena mlangoni pa bunge, safari hii kuhusu shule: kodi tunalipa, watoto wetu wasome wapi? Wakakataliwa. Nadhani mtu mwingine angekuwa amesusa zamani.

Februari 1788 watu weusi watatu, wote huru, walilaghaiwa kwa ahadi ya kazi wakapanda meli bandarini Boston. Meli ikang'oa nanga kuelekea visiwa vya Karibi, wakauzwe. Mmoja wao alikuwa mwanachama wa loji. Hall akaliandikia bunge tena, na sasa wachungaji na Wakweka nao wakapaza sauti. Mwezi uliofuata bunge likapitisha sheria ya kupiga marufuku biashara ya watumwa na kuwapa fidia familia za waliotekwa. Kabla mwaka haujaisha, wote watatu walikuwa wamerudi Boston.

Hall alifariki 1807. Baada ya 1813, loji kuu ya London ikaliondoa jina la loji yao kwenye orodha yake. Warithi wa Hall walikaa hivyo hadi 1827, wakatangaza kwamba sasa wanajitawala wenyewe. Kukutana bila baraka za wakubwa halikuwa jambo geni kwao.