Mume wangu, boti, na makopo mawili ya gundi

Mpenzi msomaji, kila mwezi nakaa hapa kwenye kiti changu cha uhariri nikipitia barua zenu. Mmoja kakuta meseji kwenye simu ya mchumba, mwingine kachoshwa na mawifi. Mwezi huu naomba na mimi zamu yangu. Nina jambo limenikaa kooni kwa muda mrefu, na wala halihusu meseji wala wifi. Linahusu gundi. Usifunue ukurasa kwanza, nisikilize.

Mume wangu ni injinia wa mitambo. Mwaka 2019 aliacha kazi ya mshahara, ile ya shati la kuchomekea na kadi ya bima, akakodi banda Kigamboni aanze kutengeneza boti za faiba. Mama yangu aliuliza kama tumerogwa. Mashoga zangu walinipa pole kama nimefiwa. Mimi mbele ya watu nilisema namuunga mkono asilimia mia, ila wiki za mwanzo nilikuwa nalia bafuni huku nimefungulia maji asisikie. Ndoa jamani, ina mengi.

Taratibu nikaanza kwenda naye bandani Jumamosi. Mwanzoni nilienda kumlinda asife njaa, baadaye nikanogewa. Basi ngoja nikupe somo kidogo, maana bila hilo hutaelewa nilichokifanya.

Boti ya faiba haichongwi. Inazaliwa ndani ya moldi, yaani umbo kubwa kama sufuria lenye sura ya boti. Kwanza moldi inapakwa waksi ili boti isije ikang'ang'ania humo milele. Inafuata jelikoti, lile koti zito linalong'aa ambalo baadaye ndilo litakuwa nje. Halafu vinapangwa vitambaa vya nyuzi za kioo, mafundi wanaviita mati, tabaka juu ya tabaka. Mwisho inakuja rezini, uji wa plastiki ambao ukichanganywa na hadina kidogo sana, asilimia 1 au 2 hivi, unapata moto wake wenyewe na kugeuka jiwe.

Mafundi wengi wanapaka hiyo rezini kwa brashi na rola. Mume wangu, si unajua tena watu wa digrii, akataka njia ya vakyumu. Hapo mati zote zinapangwa zikiwa kavu, zinafunikwa na plastiki, kingo zinazibwa kwa utepe unaonata kama bazoka, kisha pampu inanyonya hewa yote iliyomo. Hewa ya nje sasa inabaki kukandamiza ile plastiki kwa nguvu ya kama tani 10 kwa kila mita ya mraba. Hewa hii hii tunayoivuta, jamani! Ndipo bomba la rezini linafunguliwa, na rezini inakimbia yenyewe ndani ya nyuzi kama chai kwenye andazi. Boti inatoka nyepesi na imara, kwa sababu uzito wake mkubwa ni nyuzi, si rezini. Mmarekani William Seemann alipata hataza ya njia ya namna hii mwaka 1990, na mapanga mengi ya ile mitambo mikubwa ya upepo unayoiona kwenye picha yanatengenezwa hivyo hivyo.

Sasa tatizo. Ubavu wa boti umesimama wima. Jaribu kuweka kitambaa kikavu ukutani uone. Kinashuka, taratibu, kama khanga iliyotundikwa kwenye msumari mbovu. Ukishamaliza kupanga tabaka la tatu, la kwanza limeshafanya mkunjo kule chini, na mkunjo ndani ya boti ni ugonjwa wa kudumu. Kwa hiyo kuna gundi ya kupuliza, inakuja kwenye kopo kama la dawa ya mbu. Unapuliza kidogo, unasubiri dakika moja au mbili kile kimiminika chake kikauke, unabandika mati yako, inakaa.

Neno ni hilo, kidogo. Mume wangu ameliandika kwa maka peni nyekundu ukutani: KAMA UMANDE. Unashika kopo mbali, sentimita 30 hivi, unapitisha mkono haraka, na ukigusa unapaswa kuhisi kunata kwa mbali tu. Kazi ya gundi ile ni ya saa chache. Inashikilia mati mpaka vakyumu ianze kukandamiza, baada ya hapo haihitajiki tena. Na si gundi yoyote. Inatakiwa ile iliyotengenezwa ipatane na rezini, ili rezini ikifika iikaribishe, wawe kitu kimoja. Ukizidisha, hata ile iliyo sahihi, unaziba njia. Rezini inafika mlangoni inakuta kufuli.

Haya yote nilikuwa nayajua. Nataka uelewe hivyo.

Ilikuwa Jumamosi ya Januari 2023. Tulikuwa na boti ya mita 7 ya mteja kutoka Mafia, mvuvi, ametanguliza pesa na anapiga simu kila baada ya siku mbili. Mume wangu alikuwa Gerezani, pampu imegoma, anasimamia fundi. Bandani nimebaki mimi na kijana wetu wa kazi, ambaye humu nitamwita Dogo kama tunavyomwita. Ubavu wa kushoto tulishamaliza. Tukiwa katikati ya ule wa kulia, kopo likaisha. Likakohoa, likatoa povu, kwisha.

Dukani tunakonunulia ni mjini, na saa hizo washafunga. Dogo akasema tusubiri braza arudi. Mimi nikaona hapana. Nilitaka mume wangu akirudi akute kazi imekwisha, aone kwamba mkewe si mtu wa kuleta chakula tu. Nikatoka hadi duka la vifaa vya masofa hapo jirani, nikachukua makopo mawili ya gundi ya kupuliza. Muuzaji akaniambia, "Dada, hii inashika mpaka paa la gari." Nikasema ndiyo ninayoitaka.

Dogo alipoyaona akasita. "Shem, hiyo ni ya masofa."

"Gundi ni gundi, mdogo wangu."

"Braza huwa anasema…"

"Braza hayupo. Wewe kapumzike, ule."

Mimi nina digrii ya mawasiliano. Dogo kaishia darasa la saba. Piga hesabu mwenyewe nani alikuwa anawasiliana hapo na nani alikuwa anapiga kelele.

Nilipuliza, mwenzenu, kama napaka rangi ukuta wa sebule. Kila mati niliyobandika ilishika papo hapo, haitikisiki. Nikaongeza ya pili, ya tatu. Kopo la kwanza likaisha, nikafungua la pili. Milango niliiacha wazi na barakoa nilivaa, hilo nililifuata, maana makopo yale yamejaa gesi inayowaka na harufu yake inaingia kichwani. Ila umande? Ilikuwa masika.

Mume wangu alirudi usiku na pampu yake. Akamulika tochi ubavuni. Ulikuwa umenyooka kama shuka la hotelini. Akapiga mluzi, akanibusu kwenye paji la uso, akasema, "Mke wangu fundi." Hapo ndipo pa kusema. Sikusema. Makopo matupu nilishayatia kwenye begi langu la kompyuta, na Jumatatu niliyatupa kwenye pipa la ofisini, chini ya makaratasi.

Jumapili wakafunika plastiki, wakawasha pampu, na Dogo akawekwa kuangalia geji. Ukishanyonya hewa unafunga bomba na kusubiri. Mshale ukishuka, kuna mahali panavuja. Dogo akasema haukushuka. Rezini ikafunguliwa. Upande wa kushoto ilipanda vizuri, unaiona kabisa kitambaa cheupe kikigeuka kioo. Upande wa kulia ikapanda nusu, ikaanza kuzunguka madoa kama maji ya mvua yanavyozunguka visiki. Yakabaki maeneo meupe. Mume wangu alibonyeza, akaongeza bomba lingine, akaomba Mungu. Rezini ikaganda.

Siku iliyofuata walitoa boti kwenye moldi. Akachukua sarafu ya shilingi 200 akaanza kuigonga ubavuni, sentimita kwa sentimita. Kushoto ililia kama kigae. Kulia ililia kama debe lililojazwa nguo.

"Hewa ilivuja," alisema. Akamgeukia Dogo. "Ulilala."

"Sikulala, braza."

"Geji inashuka wewe umelala."

Dogo akaniangalia. Hakuniangalia kwa hasira, aliniangalia tu, kama mtu anayengoja mwenzake amalizie sentensi. Mimi nikainama nikajifanya natafuta ufunguo wa gari. Akaambiwa aende nyumbani, ataitwa. Akaenda.

Siku 11, msomaji wangu. Boti ikafunikwa turubai tukisubiri pesa ya kununulia mati nyingine. Pesa hiyo ilikuwa ya awamu ya mwisho ya kiwanja chetu cha Kibada, na ni Januari, ada zinadaiwa. Mume wangu halali, anafungua pampu na kuifunga, anatafuta tundu ambalo halipo. Na mimi mchana nakaa ofisini nahariri toleo la Februari, la Valentine. Mada kuu? Uaminifu. Niliandika kwa mkono wangu kichwa cha habari kinachosema mwenzi wako anastahili ukweli wote. Nilikipenda sana kichwa kile.

Kilichonimaliza hasa si boti. Mama yake Dogo anauza vitumbua karibu na pantoni. Kila asubuhi nanunua vya elfu moja, na kila asubuhi huwa ananiongezea kimoja, "cha mtoto." Siku ya kwanza baada ya tukio nilitaka kupita njia nyingine, lakini pantoni ni moja. Akaniita. "Mwanangu, mwambie mumeo ahsante kwa kumpa kijana likizo. Analala mpaka saa nne!" Akaongeza kitumbua. Kumbe Dogo kamwambia mama yake yuko likizo. Kile kitumbua sikukila. Kesho yake akaongeza tena.

Usiku wa siku ya 11, tukiwa ndani ya chandarua, nikasema, "Baba Nuru, pampu yako haina kosa."

Kimya.

"Na Dogo hakulala."

Nikamweleza. Nilitegemea kelele. Aliuliza maswali mawili tu. "Makopo mangapi?" Mawili. "Ya nini?" Ya masofa. Akanyanyuka, akavaa suruali, akachukua tochi, na saa 5 usiku tukawa bandani. Akakata kipande cha ubavu kwa grinda, akaingiza kisu katikati ya matabaka na kuvuta. Yakafunguka kama kurasa za gazeti. Katikati kulikuwa na nyuzi nyuzi za mpira zinazovutika, kama bazoka iliyokanyagwa barabarani. Gundi ya masofa ina mpira ndani yake, na mpira ule haukuyeyuka. Ulifunga nyuzi nyuzini, rezini ikazunguka nje. Matabaka hayakushikana yenyewe, kila moja lilikuwa limeushika ule mpira.

"Hapa hata ningeleta pampu kumi," alisema. Halafu akazima tochi. Gizani akaniuliza, "Boti nitaitengeneza. Dogo je?"

Nilitamani angenitukana.

Asubuhi tulikwenda Tungi, kwao. Mume wangu alianza kuomba radhi, Dogo akamkatiza. "Nilijua, braza. Nilimwona shem na makopo."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningesemaje, na yeye mwenyewe yuko pale?"

Mama yake alikuwa pembeni anakoroga unga wa jioni. Nilipiga goti kwenye vumbi lile na gauni langu la kazini, nikasema yote mbele yake, na lile la likizo nikalisema pia. Hakunijibu. Aliendelea kukoroga.

Ubavu ule ulikatwa wote ukajengwa upya. Milioni 4 na ushei zilikwenda, kiwanja kikachelewa mwaka mzima, na boti ilifika Mafia mwezi Aprili badala ya Februari. Bado inavua. Dogo alirudi kwa masharti yake mawili: siku 11 zilipwe, na makopo ya gundi yafungiwe kabatini, ufunguo akae nao yeye. Hata mume wangu anaomba. Jumamosi iliyopita niliomba na mimi, akanipa kopo, akasimama nyuma yangu. "Shem, pitisha tu. Usisimame sehemu moja." Nikapitisha. Akaguswa kidole, akasema bado ni nyingi.

Kuhusu mama yake, tunasalimiana vizuri. Ila vitumbua vya elfu moja siku hizi ni vya elfu moja kamili.