Madina, Makka na ile "Sisi" ya Qurani

Tulipofika Chalinze tukitoka Tanga, kaka yangu alikwisha kuniuliza tena na tena kama pasipoti iko mkobani. Iko, nikamwambia, na chini yake ipo tafsiri ya Qurani ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, ile iliyotolewa Nairobi mwaka 1969, nakala aliyoiacha marehemu baba. Kaka aliushika mkoba, akaupima kwa mkono, akatikisa kichwa. "Dada, tunakwenda Madina. Huko misahafu imejaa hadi kwenye nguzo. Zigo hili la nini?"

Nilikuwa na jambo nataka kulitazama huko huko.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili sekondari. Mwalimu mwenzangu wa Jiografia, mwenyeji wa Kyela na Mkristo msali, aliniuliza kwa adabu tukiwa chumba cha walimu: "Samahani, Mwalimu. Ninyi mnashikilia kwamba Mungu ni mmoja na hana mwenza. Sasa mbona katika kitabu chenu anasema tumeumba, tumeteremsha? Hao 'sisi' ni akina nani?" Nilimjibu kwamba huo ni wingi wa utukufu, ndivyo wafalme wasemavyo. Jibu ni sahihi na kila mtoto wa madrasa analo. Lakini usiku ule halikunitosha. Kazi yangu ni kufundisha kwamba "tu-" ni nafsi ya kwanza wingi. Nilitaka kujua kwa nini Kitabu kinachokazania umoja kuliko jambo jingine lolote kimeichagua nafsi hiyo, tena mara nyingi hivyo.

Madina nilikuwa naijua kwa kasida tu. Katika Maulidi ya kwetu ni mji wa mitende na nuru, na kichwani mwangu nyumba zake zilikuwa za udongo. Basi la msafara lilituteremsha katikati ya hoteli za ghorofa, barabara pana na maduka yenye vioo. Nikababaika, nikashika nguo ya kaka. Tulipokunja kona moja, kuba la kijani likatokea. Hapo sikuhitaji kuelekezwa. Wanawake wa msafara wetu walikuwa wakipiga soga tangu uwanja wa ndege, na wote walinyamaza kwa pamoja.

Kilichonishangaza mwanzo ni hewa. Tanga nguo iliyofuliwa asubuhi hukauka jioni ikipenda. Hapa nilifua mtandio, nikaswali rakaa mbili, nikaukuta mkavu. Cha pili ni miavuli ya uani kwa Msikiti wa Mtume. Ipo 250, mirefu kama minazi. Jua likipanda hufunguka polepole, likizama hujikunja yenyewe. Nilisimama nikaitazama hadi mlinzi mwanamke, aliyejifunika uso wote, akanipungia mkono nisogee. Na cha tatu ni safu za wanawake. Kulia kwangu alikaa mama wa Indonesia, kushoto msichana kutoka Nigeria, mbele bibi aliyekuwa akisema Kiuzbeki. Hakuna aliyeelewa lugha ya mwenzake, na tende zilipita mkono kwa mkono mpaka kokwe zikatushinda pa kuziweka.

Ijumaa alfajiri imamu alisoma Sura As-Sajda, kama ilivyo sunna ya siku hiyo. Kwa mara ya kwanza maishani niliswali nikijua ninakisikiliza kitu gani, maana usiku nilikuwa nimeisoma tafsiri yake. Nikawa namngoja imamu afike aya ya 13. Humo Mwenyezi Mungu anaanza kwa wingi: lau tungetaka, tungeipa kila nafsi uongofu wake. Kisha hapo hapo, kabla aya haijaisha, sauti inageuka kuwa ya umoja: neno limekwisha kutoka kwangu mimi, nitaijaza Jahanamu. Nimeisema kwa maneno yangu, lakini mgeuko ndivyo ulivyo. Aya moja, msemaji mmoja, nafsi mbili. Mtoto akiniandikia hivyo katika insha ningemrudishia. Nilipotoa salamu nilibaki nimekaa, nikiwa na furaha ya ajabu. Nilijua sasa kwamba "sisi" ile haikuwekwa kwa mazoea. Mwenye kusema anaingia na kutoka katika wingi kwa makusudi.

Jioni nilimfuata ustadhi wa msafara wetu, mzee wa Pangani, alipokuwa akinywa chai kwenye ukumbi wa hoteli. Kaka alitangulia kuniombea ruhusa.

"Shikamoo, ustadhi."

"Marahaba, mwanangu. Kaka yako anasema umebeba swali tangu Tanga."

Nililieleza, pamoja na aliyeniuliza. Ustadhi akacheka kwa raha, akaweka kikombe chini. "Basi mwambie mwalimu mwenzako kwamba wametangulia wenziwe. Swali hilo liliulizwa hapa hapa. Hapo ulipoketi leo alfajiri, au karibu yake."

Ndipo nikasikia habari za ujumbe wa Najran. Najran iko kusini mwa Bara Arabu, kuelekea Yemen, na zama za Mtume (S.A.W.) ilikuwa na Wakristo wengi. Katika sira ya Ibn Ishaq, mwanahistoria wa karne ya 8, imeelezwa kwamba walikuja Madina wasafiri wapatao 60 wakiwa wamepanda wanyama, wakiongozwa na wakuu wao, wamevaa majoho mazuri. Waliingia msikitini baada ya Mtume kuswali alasiri. Wakati wao wa sala ulipofika wakasimama mle ndani, wakaelekea mashariki. Mtume akasema waachwe waswali. Kisha wakajadiliana. Moja ya hoja zao ilikuwa hii: Mungu anasema tumefanya, tumeamrisha, tumeumba, tumehukumu, angekuwa mmoja angesema nimefanya, nimeamrisha. Wanazuoni wanasema aya za mwanzo za Sura Aal Imran, zaidi ya 80, zinahusiana na mjadala huo. Hawakukubaliana, wakafanya mapatano ya amani, wakarudi kwao.

Nitasema kweli: habari hii ilinigusa kuliko ghorofa na miavuli yote. Swali nililodhani ni la chumba cha walimu Tanga lilikuwa limekaa katika ardhi hii miaka zaidi ya 1,390, na waliouliza walipewa nafasi ya kuswali msikitini kabla ya kujibiwa.

"Na jibu, ustadhi?"

Akasema wengi wamelieleza, naye hupenda alivyolipanga Ibn Taymiyya, aliyefariki Dameski mwaka 1328. Mwarabu akisema "sisi" ana hali mbili. Ama yuko na washirika wanaofanana naye, ama yeye ni mkubwa mwenye watumishi wanaomtii, na neno lake likitoka linatendwa. Hali ya kwanza Qurani imeikataa waziwazi mahali pengi, na Sura Ikhlas, ambayo mtoto huihifadhi kabla hajajua kuandika jina lake, haikuacha mlango. Inabaki ya pili.

Nikamwambia nimeielewa kwa posa yangu. Nikiwa msichana nilikaa nyuma ya pazia wazee walipokuja kuniposa, na upande wetu baba alikuwa peke yake, ami zangu walikuwa bado njiani. Baba akasema: "Tumekubali." Hakuna aliyeuliza wewe na nani. Neno lilikuwa lake tu, lakini lilikuwa na nyumba nzima ndani yake, na lilipotoka kila mtu alinyanyuka: huyu kupika, huyu kupeleka habari, huyu kutafuta ubani.

"Umekaribia, mwalimu," akasema ustadhi, "ila simama hapo. Baba yako alishauriana na mama yako usiku. Mwenyezi Mungu hashauriani. Malaika wanatumwa, hawaulizwi."

Nimeuweka mfano wangu pamoja na mpaka alioutia.

Kisha akaniachia kazi, kama mwalimu kwa mwalimu. Nichukue Yasin, ambayo sisi watu wa pwani tunaisoma kila msiba, nilinganishe aya ya 12 na ya 61. Nilifanya hivyo usiku ule, bibi tuliyelala naye chumba kimoja akinilalamikia taa. Katika aya ya 12 Mungu anasema kwa wingi, "Sisi ndio", kwamba Yeye ndiye anayehuisha wafu na kuandika waliyoyatanguliza watu. Aya ya 61 inahusu ibada, na hapo ni umoja mtupu: niabuduni mimi. Nikaenda Ta-Ha aya ya 14, Musa anaposemeshwa penye moto: umoja, kwa sababu ni amri ya kuabudu. Nikaenda Al-Baqara aya ya 186, waja wanapomuuliza Mtume habari za Mola wao: umoja tena, yuko karibu, anaitika. Mvua, mimea, kuumba, kuteremsha Kitabu: wingi, aghalabu. Ukuu unaonekana katika matendo, na matendo yanasemwa kwa sauti ya enzi. Lakini anapotaka kuabudiwa au kuombwa, anasimama peke yake, hakuna pa kumweka mwingine.

Nasema aghalabu kwa sababu mstari huu hauendi sawasawa kama reli. Katika Sura Sad aya ya 75 kuumbwa kwa Adamu kumetajwa kwa umoja. Kwa upande wa waja nako ni "Wewe", hakuna anayemwita Mola "ninyi". Mahali pamoja tu, Al-Muuminun aya ya 99, mtu aliyefikiwa na mauti anamwita Mola wake kisha anaomba arudishwe kwa kitenzi cha wingi. Wafasiri wengine wakasema ni taadhima, wengine wakasema maneno yale wanaambiwa malaika. Napenda kwamba Kitabu hiki hakikubali kufungwa katika kanuni moja ya mwalimu wa sarufi.

Safari ya Makka ilianzia Dhul Hulayfa, nje kidogo ya Madina, ambako wanaume walitia nia wakiwa na shuka zao mbili nyeupe, nasi wanawake na nguo zetu za kawaida. Basi zima likalipuka kwa talbia. Sisi wanawake huisema kwa sauti ya chini, lakini midomo ilikuwa haipumziki. Kwa saa kadhaa za milima myeusi isiyo hata na kichaka nilikuwa naitamka huku nikiisikiliza: yote kwa nafsi ya pili umoja, na kiini chake ni kwamba huna mshirika. Nikatamani watu wa Najran wangeisikia.

Sitaieleza Kaaba. Nilishuka ngazi nimeinamisha macho kama kaka alivyoniusia, nikayainua, nikalia, na hivyo ndivyo kila mtu husema. Nitaeleza tawafu. Nilidhani ningekuwa peke yangu na Mola wangu. Kumbe watu ni wengi mno hata miguu huchaguliwa pa kukanyaga. Mkono wa mtu begani, kisigino cha mtu kidoleni, duwa za lugha zote masikioni. Tulipomaliza mizunguko tukasimama kuswali rakaa mbili, na katika Fatiha nikafika pale ambapo mja anasema kwamba Wewe tu ndiwe tunayekuabudu. Tunayekuabudu. Nimeisoma Fatiha tangu utotoni, jikoni, chumbani, peke yangu gizani, na kila mara nikiwa mmoja nimesema kwa wingi. Sikuwahi kulistaajabia.

Ustadhi alipenda niliposimulia, akanitajia Zamakhshari, mwanazuoni wa karne ya 12 kutoka Khwarazm, aliyekaa Makka hadi akaitwa Jarullah, jirani wa Mungu, na hapo akaiandika tafsiri yake, al-Kashshaf. Penye aya hiyo hiyo ya Fatiha alieleza mgeuko wa nafsi, ambao Waarabu huuita iltifati: msikilizaji huamka sauti inapobadilika. Kabla yake Mola ametajwa kama asiyekuwepo, mara mja anamgeukia na kumwambia Wewe. Wafasiri wengine wakaongeza kwamba mja husema "tunakuabudu" kwa unyenyekevu: ibada yake peke yake ni ndogo, huiingiza katika ibada ya waja wote ipokelewe pamoja nazo. Kwa hiyo wingi upo pande zote mbili. Wake ni wa enzi, wetu ni wa kujificha katika kundi. Katika msongamano ule sikuhitaji kuelezwa zaidi.

Sai, kati ya Safa na Marwa, iliniumiza magoti, na nilimkumbuka Bi Hajar aliyepita njia ile bila marumaru wala feni, akimtafutia mwanawe maji.

Ukijaliwa kwenda, chukua tafsiri unayoielewa, ya Sheikh Farsy au ya Sheikh Ali Muhsin Barwani iliyotoka mwaka 1995, hata ikizidisha uzito. Kabla ndege haijaruka soma aya ya kwanza ya Sura Al-Israa, inayosimulia safari ya usiku ya Mtume. Humo Mungu anatajwa kwa nafsi ya tatu, kisha anasema kwa "sisi", kisha anarudi nafsi ya tatu, yote katika aya moja. Nanyi masheikh wetu mnaodarsisha tafsiri ya Jalalayn misikitini mwezi wa Ramadhani, nawaomba mkifika aya kama hizo msizipite haraka. Tuelezeni nafsi zake moja moja, na kipaza sauti cha upande wa wanawake kifanye kazi, maana nasi tunaulizwa.